Sauti Aliyoiazima Mheshimiwa

Mume wa dada yangu alikuwa na sauti ambayo ukiisikia ukiwa jikoni unapunguza moto kwanza, ndipo usikilize. Haikuwa nzito wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuambia jambo kwa sababu anakutakia heri, ila anakuambia wewe pamoja na mtaa mzima kwa mpigo mmoja. Watu walimwita Tarumbeta, kwa ajili ya zile spika mbili za chuma alizozifunga juu ya pikapu yake, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma kama mke na mume waliokosana. Mimi nilimwita Shemeji, na nikitaka kumchokoza nilimwita Kelele.

Kazi yake ilikuwa kutangaza. Mtu akifiwa, mtoto akipotea, chanjo ikiletwa, umeme ukitaka kukatwa, aliitwa yeye. Alipita kwa gia ndogo kabisa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika maiki, na mimi kwenye kibaraza changu nilikuwa nikisimamisha cherehani ili nisikie vizuri. Nashona sare za shule. Cherehani yangu ina kelele zake, na ni kelele za mtu mmoja tu duniani nilizokubali zizipiku.

Alikuwa na mwiko. Hakutangaza jambo ambalo hajalihakiki. Akiambiwa fulani amefariki, alikwenda kwanza nyumbani kwa wafiwa, akaona, akatoa pole, ndipo akapanda garini. Kuna bwana mmoja alimwendea akitaka itangazwe kwamba mkewe amemkimbia na asipewe hifadhi na mtu yeyote. Shemeji alikwenda hadi nyumbani kwa huyo bwana, kisha akarudi akamwambia, "Mkeo yupo. Anafua shati lako." Tangazo halikutoka, na bwana yule alihama mtaa kwa aibu kabla mkewe hajawahi kuhama nyumba.

Ndiyo maana kila tangazo lake lilifungwa kwa maneno mawili: "Nimehakiki mwenyewe." Watu waliyangoja. Kabla hayajatamkwa, habari ilikuwa uvumi. Yakishatamkwa, wanawake walijifunga kanga na kutoka. Dada yangu alilalamika kwamba hata mezani mumewe huonja mchuzi, akatulia, akaonja tena, ndipo aseme umekolea. Lakini alilalamika huku akicheka, na mwanamke anayemlalamikia mumewe huku anacheka hana shida kubwa.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Mtaa wetu uko mlimani, na kisima kiko bondeni. Kushuka na ndoo tupu ni raha, unaweza hata kuimba. Kupanda ndiko kunakokutoa wimbo. Kila nyumba ilikuwa na mtu mwenye maumivu ya kiuno, na viongozi wa kila rangi walikuwa wameshatupa pole kwa viuno hivyo bila kutupa kingine. Kwa hiyo tuliposikia kwamba mgombea wa urais mwenyewe atakuja, si mjumbe wake, si picha yake, hata mimi nilipiga nguo yangu pasi.

Shemeji alikodiwa vyombo vyake. Alifunga spika kwenye uwanja wa mpira, ambao unapakana na nyumba yake, akavuta waya, akajaribu maiki tangu asubuhi. Msafara ukafika jua likiwa utosini. Na hapo ndipo tulipopata habari kwamba mgombea hana sauti. Alikuwa amehutubia mkoa kwa mkoa, koo likamkauka kabisa, akitaka kusema inatoka pumzi tu. Wapambe wake walikuwa wanatafuta mahali pa kumpumzisha, wakaona sebule ya dada yangu.

Nilikuwepo. Wakubwa wakiingia nyumbani kwa dada yako, ni lazima utafute sababu ya kuwepo, nami nilishika sinia. Dada alichemsha maji, akayapooza yakawa vuguvugu, akatia asali. Mgombea aliketi kwenye kile kiti cha Shemeji chenye mto uliobonyea, akashika glasi kwa mikono miwili kama mgonjwa, akanywa taratibu. Nilimpenda, nisiseme uongo. Alionekana mtu aliyechoka kwa ajili yetu.

Alimwita Shemeji kwa kidole, akamnong'oneza. Sebule ilikuwa ndogo na kimya, tulisikia sote. Alisema, "Waambie maji. Mwaka wangu wa kwanza hautaisha kabla sijawaletea maji, kila nyumba. Waambie waandae mabomba yao kabisa."

Shemeji akamjibu, "Mheshimiwa, mimi nina kawaida yangu. Sitangazi nisilolihakiki. Nikisema hili, watu watalichukua kama nimeliona."

Wapambe wakacheka. Mgombea hakucheka. Alimshika Shemeji mkono kwa mikono yake yote miwili, akamtazama machoni kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. "Umeshahakiki," akanong'ona. "Leo wewe ndiye sauti yangu."

Kosa likafanyika papo hapo, na ni kosa ambalo katika mtaa ule angeweza kulifanya mtu mmoja tu. Mtangazaji mwingine angesoma alichopewa, akachukua ujira wake, akaenda kula. Shemeji alihakiki. Alimtazama mtu machoni, akaushika mkono wake, akaridhika kwamba maneno yamesemwa kweli na aliyeyasema ni huyu hapa. Wafu alizoea kuwahakiki hivyo hivyo, kwa kwenda na kutazama. Hakukumbuka kwamba maiti hana cha kugeuza baadaye, na mgombea anacho.

Akapanda jukwaani. Mgombea alisimama pembeni yake akipunga mkono na kutabasamu, mdomo umefungwa. Shemeji akatangaza maji. Alitangaza vizuri kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa anatangaza jambo analolitaka yeye mwenyewe. Halafu akanyamaza kidogo, kama kawaida yake, uwanja mzima ukangoja, akasema, "Nimehakiki mwenyewe." Makofi yale sijapata kuyasikia tena. Mimi nilipiga hadi pete ikaniumiza kidole.

Watu walimpa kura mgombea, akashinda, lakini mabomba waliyanunua kwa neno la Tarumbeta. Sisemi kwa kejeli. Hakuna aliyesema, "Rais kasema." Walisema, "Tarumbeta kahakiki." Mtaa mzima ukaingia wazimu wa kufunga mabomba. Watu walitoboa kuta, wakaweka koki zinazong'aa juu ya masinki makavu, wakawa wanazionyesha kwa wageni. Wa kwanza kabisa alikuwa fundi seremala, rafiki wa Shemeji tangu utoto wao, mtu aliyemwamini kuliko alivyoamini rula yake mwenyewe. Seremala alikuwa na tangi la kukinga maji ya mvua, karibu na paa la karakana. Alilibomoa akajengea banda la kuku. Mama yake, bibi mzee aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza, "Mwanangu, si ungengoja maji yafike?" Seremala akamwambia, "Mama, Tarumbeta amehakiki."

Mwaka wa kwanza walikuja vijana wenye fulana za kung'aa, wakapima, wakapaka rangi nyekundu kwenye mawe, wakaondoka. Rangi ile tuliipenda sana. Mwaka wa pili tukaambiwa kuna upembuzi yakinifu, na tukawa tunalitamka neno hilo kwa heshima bila kujua linakaa upande gani. Mwaka wa tatu hatukuambiwa kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwahi kuona msafara wa magari ya serikali. Dada alianza kuanika taulo kwenye koki yake. Kwangu mimi nilitundika mkasi.

Mwanzoni watu walitania. "Tarumbeta, maji yamefika wapi?"

"Yako njiani," Shemeji anajibu.

"Basi yatakuwa yamekwama kwenye foleni."

Alicheka nao. Utani ni utani, na mimi mwenyewe nilikuwa mstari wa mbele. Lakini utani una siku yake ya kuchacha, na siku hiyo haikutangazwa. Ghafla tu ukaona mtu anauliza lile lile swali la jana na hacheki. Shemeji akaanza kufuatilia. Alikwenda ofisi ya maji, mhandisi akamwambia hawajapata maagizo. Alikwenda ofisi ya chama, akaambiwa rais anawakumbuka wananchi wake. Alisafiri hadi mji mkuu, akalala kwa binamu, akaishia getini kwa mlinzi aliyemwambia aache namba ya simu, atapigiwa. Akawa anabeba simu hadi chooni. Dada yangu aliona hayo na akanyamaza, na kwa dada yangu kunyamaza ni ugonjwa.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa kazi. Alitangaza msiba wa mwalimu mmoja mstaafu, akafunga kwa maneno yake, na jioni ile wafiwa wakamwambia wamepigiwa simu na watu kibao wakiuliza kama kweli marehemu amefariki. Hebu fikiria. Mtu amelia, amevimba macho, halafu anatakiwa athibitishe. Shemeji alirudi nyumbani, akaketi kwenye kile kiti, akasema, "Hawaniamini hata kwa maiti." Nilitafuta neno la kumtania nalo nikalikosa.

Ikaja masika mbaya. Maji ya mvua yalipita kwenye vyoo vya mlimani yakateremka na uchafu wote hadi kisimani. Bwana afya akaja kumwita Shemeji, na Shemeji akateremka bondeni kwanza, kama kawaida yake, akachungulia kisima, akarudi amejiziba pua. Alizunguka mtaa mzima akiomba watu wasichote kule, wasubiri gari la maji la manispaa, na kama hawana budi, basi wachemshe hadi yatokote. Nilikuwa kibarazani. Nilimsikia akinyamaza kile kinyamazo chake, kisha akasema, "Nimehakiki mwenyewe." Wakacheka. Kutoka vibaraza vya upande huu na upande ule, watu wazima, wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti, "Kama ulivyohakiki mabomba."

Pikapu haikusimama. Niliona tu mkono wenye maiki umeteremka.

Watu wakachota. Wengi waliumwa matumbo wiki hiyo, wakapona. Mama yake seremala hakupona. Alikuwa mzee, hakuwa na mwili wa kupigania. Banda la kuku lilikuwa limejaa kuku na pembeni yake mvua ilikuwa inamwagika kutoka paani hadi chini, bure.

Siku ya msiba Shemeji alivaa, akasafisha gari, akaenda. Nilikwenda naye kwa sababu dada alikuwa ametangulia kusaidia kupika. Seremala alimpokea nje, mlangoni pa karakana, kwenye vumbi la mbao. Shemeji akampa pole, akamwambia, "Nipe muda wa maziko nikatangaze."

Seremala akasema, "Nimeshatuma vijana wapite nyumba kwa nyumba."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Nataka watu waje."

Shemeji alisimama pale akiwa ameshika funguo za gari. Seremala hakuwa anapiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisema, "Mimi nilikusikia, ujue. Ulipopita unatangaza kisima, nilikusikia neno kwa neno. Nikajiambia, huyu naye. Ulinizoesha vibaya, ndugu yangu. Tangi langu nililibomoa kwa neno lako."

Nilimchukia seremala siku ile, na bado nilijua amefiwa na mama. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja, nimeyaonja. Tulizika. Watu walikuja wengi. Shemeji alisimama nyuma kabisa, mtu aliyetangaza misiba yote ya mtaa, na msiba ule ukampita kama mgeni.

Tangu hapo hakutaka tena maji. Alituambia wazi mezani, mimi na dada. Dada alisema labda uchaguzi huu ukija watatuletea bomba, angalau la njiani. Shemeji akasukuma sahani. "Maji wabaki nayo. Nataka kitu kimoja. Aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba maneno yale yalikuwa yake. Mimi nilitumwa. Akisema hivyo tu, mimi nimepona."

"Na asiposema?" dada akauliza.

"Atasema. Alinishika mkono."

Nilitaka kumwambia mkono si kiapo. Nikameza. Mtu anayezama usimsomeshe kuogelea.

Uchaguzi ukarudi, na Mheshimiwa, sasa rais, akawa anazunguka kuomba kipindi cha pili. Mratibu wa kampeni, binti mmoja mtanashati mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alikuja kukodi vyombo. Shemeji akamwambia atafunga spika kwa sharti moja, aulize swali moja kwa maiki kabla rais hajaanza. Mratibu akatabasamu. "Wananchi kuuliza maswali ni jambo zuri sana, baba. Rais wetu anapenda maswali." Akaandika kitu kwenye simu yake, au alijifanya kuandika.

Uwanja ulijaa. Watu wa mtaa wetu walifika mapema na kukaa mbele, seremala akiwemo, na mimi na dada tukapata nafasi karibu na meza ya amplifaya, pembeni ya jukwaa. Safari hii Mheshimiwa alikuja na sauti yake. Ilikuwa imenona. Aliwasalimia watu bila maiki na bado tukamsikia. Shati lilikuwa jeupe, uso umejaa, na kwenye vidole vyake hakukuwa na uchovu wowote. Mratibu alitaka kumpa maiki moja kwa moja, lakini maiki ilikuwa mkononi mwa Shemeji.

Shemeji alisema polepole. "Mheshimiwa, karibu tena. Ulipokuja mara ile ulikuwa umekaukiwa na sauti. Ulipumzika sebuleni kwangu. Ukanituma niwaambie hawa kwamba maji yatafika kabla mwaka wako wa kwanza haujaisha. Nikawaambia. Leo sikuombi maji. Nakuomba uwaambie tu, maneno yale yalikuwa ya nani."

Nilimtazama seremala, alikuwa ameinua kichwa. Nilitazama wale mama wa vibarazani, walikuwa wametulia. Kwa dakika ile moja walikuwa wanamsikiliza tena, vile walivyomsikiliza zamani, na nikafikiri, kumbe inawezekana.

Mheshimiwa alinyoosha mkono, Shemeji akampa maiki kwa heshima, kwa mikono miwili. "Mzee wangu," Mheshimiwa akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika za Shemeji tamu kama nini. "Unafikiri nimekusahau? Asali ya mama yule sijaisahau mpaka leo." Watu wakacheka kwa furaha. Dada yangu, masikini, akatabasamu.

"Lakini ndugu zangu, ngoja niwaulize. Siku ile nilipopanda jukwaani hapa, mlinisikia nikisema neno?"

"Hapana," wakajibu.

"Nilifungua mdomo?"

"Hapana."

"Nilikuwa mgonjwa, sikuweza kusema hata jina langu. Basi mzee wangu huyu alinipenda mno, akaniongezea." Kicheko kikapita uwanjani. Mheshimiwa akaweka mkono begani kwa Shemeji. "Ni mapenzi. Mimi simlaumu. Nimemsamehe."

Alimruka kimanga. Alimruka mbele ya watu wake, kwa spika zake mwenyewe, halafu akamsamehe. Mimi kuna matusi mengi nayajua na siku ile yote yalikuja mdomoni, lakini nilisimama nikasema lililo la kweli tu. "Nilikuwepo mimi. Nilishika sinia. Nilikusikia ukimtuma."

Mheshimiwa akanitafuta kwa macho, akiwa na ule uso wa mtu mwenye nafasi ya kumsikiliza kila mtu. "Na wewe mama ni nani?"

"Shemeji yake."

Uwanja ukaangua kicheko. Nani atamwamini shemeji? Miaka yote nimemtania yule mtu hadharani, nimemwita Kelele mbele ya wateja, na sasa nilipotaka kumwombea ukweli, waliona huo nao ni utani. Dada alinivuta nikae.

Mheshimiwa akawageukia watu. Akaanza, "Sasa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nawaambia..." na hapo sauti ikakatika. Shemeji alikuwa amefika kwenye meza yetu, ameinama juu ya amplifaya, amezima. Spika zikafa. Mheshimiwa aliendelea kidogo bila kujua, midomo inacheza, mkono unapanda na kushuka, na kutoka nyuma ya uwanja hakuna aliyesikia lolote. Nilifurahi, sitaficha. Nilifikiri sasa watu watamuuliza. Sasa watasema, jibu swali la mzee kwanza.

"Washa," mtu akasema.

Kisha wengine. "Washa bwana, tusikie." "Mzee usituharibie." "Ndiyo kwanza anafika kwenye maji." Nilizitambua sauti. Nimewapima mabega watoto wao, najua vifungo vya mashati yao. Hakuna aliyekuwa mgeni. Shemeji alisimama wima mbele ya amplifaya, mikono ikining'inia, akiwatazama kama mtu anayesubiri wamalize utani.

Askari walikuwa wanaanza kusogea, lakini aliyefika kwanza ni seremala. Alitoka pale mbele akaja mezani kwetu, na Shemeji alipomwona, uso ukamfunguka. Nilishuhudia kwa macho yangu. Alifikiri rafiki yake amekuja kusimama naye. Akasogea pembeni kidogo, kumpa nafasi.

Seremala akapita kwenye nafasi hiyo, akainama, akabonyeza swichi.

"Asante sana, fundi," Mheshimiwa akasema, na sauti ikajaa uwanjani. Akaendelea. Alituahidi maji kila nyumba, na safari hii akaongeza barabara ya lami hadi kisimani, sijui ya kufanyia nini kama maji yatakuwa nyumbani. Makofi yakapigwa. Dada yangu alilia bila kujifuta, na mimi sikupiga hata kofi moja, ingawa ni kitu kidogo na hakikumsaidia mtu.

Watu walipoondoka na msafara, uwanja ukabaki na chupa tupu na bendera za karatasi. Shemeji alikunja nyaya zake. Alizikunja vizuri, kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, jinsi anavyozikunja siku zote. Nilikuwa nakusanya viti na dada. Seremala alirudi. Alisimama mbali kidogo kabla ya kusema.

"Usinichukie," akasema. "Nilitaka safari hii aseme mwenyewe, tumsikie sote. Asipate tena wa kumsingizia."

Shemeji hakuinua macho. "Amesema?"

"Amesema."

"Umemwamini?"

Seremala alikuna kiganja chake, pale penye sugu la randa. "Hapana."

"Lakini umepiga makofi. Nimekuona."

"Nimepiga."

Shemeji akafunga fundo la mwisho kwenye waya, akauweka juu ya meza. Akasema kwa sauti yake ya ndani, ile ya nyumbani, ambayo mtaa haujawahi kuisikia, "Mimi uliniamini, ukanikataza hata kumtangaza mama yako. Yeye humwamini, ukampigia makofi."

Seremala alimsaidia kubeba spika hadi kwenye pikapu, kwa sababu zilikuwa nzito na wengine wote walikuwa wameshaondoka.